Futa diski?

Ndugu yangu, niko ndani ya basi, naondoka kwa binti yangu bila kuaga.

Nilitaka kumwekea kwenye kompyuta yake mfumo wa Linux kando ya Windows, nikachagua Linux aina ya Mint kwa kuwa mkwe anaisifu kila siku. Ikauliza: "Futa diski?" Nikadhani ni ile flashi niliyochomeka. Nikabonyeza ndiyo. Mzee mzima, ndiyo!

Windows hakuna. Tasnifu yake ya miaka mitatu hakuna.

Kanipigia sasa hivi, sauti ya chini mno. "Baba, uligusa kompyuta?" Sijagusa, mwanangu. "Baba. Uligusa?" Sijagusa. "Basi ni mume wangu na Linux yake." Nikanyamaza. Unasikia? Nikanyamaza!

Jioni sasa. Fundi kasema hakirudi kitu. Binti ameanza upya, ukurasa wa kwanza. Mkwe amehamia kwa kaka yake. Mimi nimefika salama.