Panya wa Nesi na Benchi Tupu

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo sana. Goti lako linaendeleaje? Karanga mmeshazing'oa, au mvua imewawahi? Mimi mwili mzima, moyo ndio umevimba. Wewe Hamisi unayemsomea mama, soma yote, usiruke mahali nilipokasirika, maana utabaki na salamu tu.

Mama, nimeitwa mchawi. Mimi! Nesi wa zahanati ya kijiji, niliyepanda milima hii ya Uluguru kwa miguu na mkoba wa kuzalishia kichwani, leo naambiwa nafuga panya wa kuwatumia watu majumbani!

Sikiliza ilivyokuwa. Tangu masika yaanze, panya wa shambani wamehamia ndani. Kwangu walikuwa wanatafuna pamba ya zahanati. Wenyeji hapa hufukia chungu usawa wa sakafu, wakatia maji nusu, juu wakaweka kijiti chenye punje ya hindi la kuchoma. Panya akikanyaga, chubwi, habari yake imekwisha. Mimi nikatega vilevile, ila maji sikutia. Niliweka pumba na majani makavu, nimtoe asubuhi nikamwachie ukingoni mwa msitu. Asubuhi nachungulia, nakuta panya amejifungua! Vitoto vitano vyekundu, macho hayajafumbuka. Mama, kazi yangu ni kuzalisha. Nimtupe mzazi kwenye umande na vichanga vyake? Nikamhamishia kwenye debe, nikalitoboa matundu, nikamwekea pamba ileile aliyokuwa anaiiba, na uji mzito kidogo. Nikasema wakiota manyoya waende zao.

Kosa langu ni kumfunulia balozi wetu wa nyumba kumi aliponiuliza debe lina nini. Kufika jioni kijiji kizima kinajua: nesi ana panya, anawanywesha uji, anawapa majina. Majina gani? Uongo mtupu! Mwenyekiti naye akadakia, eti nafuga waharibifu wakati wananchi wanatoka jasho kwenye shamba la pamoja. Yeye! Ghala la kijiji sakafu yake ina mashimo ya kupitisha mguu, mahindi yetu yanaliwa mchana kweupe, hajaziba hata kwa kiganja cha udongo. Lakini debe langu moja ndilo adui wa Ujamaa.

Matusi ningevumilia. Kilichoniuma ni benchi. Siku ya kliniki ya wajawazito lilikuwa tupu. Wanawake wanapita njia ya chini na matumbo yao, wanatazama pembeni. Mmoja, Sesilia, ana mimba ya kwanza na miguu imemvimba, nilishamkanya asikae mbali nami. Aliponiona nakuja kwake akajifungia ndani. Nikagonga, nikabembeleza, hakufungua. Nililia njiani, mama, kwa hasira na kwa woga. Binti wa watu afe kwa ajili ya uvumi wa panya!

Mwenyekiti akaitisha mkutano, debe nilete, wachomwe mbele ya watu. Nilikwenda nimelikumbatia, tayari kwa matusi. Kabla sijafungua mdomo akainuka Mama Veronika, mama mkwe wa Sesilia, akanipokonya debe kifuani.

"Ndugu Mwenyekiti, huyu Mnyamwezi ni mtani wangu," akasema. "Tangu babu zake wapite hapa na mizigo ya watu vichwani, cha Mnyamwezi ni cha Mluguru. Panya hawa ni wangu. Atakayewachoma aanze na mimi."

"Nirudishie! Bado wananyonya!" nikapiga kelele.

"Mmemsikia? Kwao hata panya anakaa uzazi!"

Mkutano ukaangua kicheko. Nilitaka kumrarua! Lakini unajua mwenyewe, mtani akichukua amechukua. Ukinuna, wewe ndiye huna adabu, na hakuna baraza linaloamua kesi ya utani. Mwenyekiti akabaki na kiberiti mkononi. Mimi nikarudi nyumbani nimefura, sikuona kwamba watu waliokwisha kuwacheka panya wale hawawezi tena kuwaogopa.

Siku ya kliniki iliyofuata nikafungua mlango bila tumaini. Benchi limejaa, wengine wamekaa chini! Mbele kabisa Sesilia na mkwewe. Na kila mmoja, mama, ana kopo mapajani, limefungwa kitambaa, ndani kunakwaruza.

"Mtani," akasema Mama Veronika, "wale wangu wanakua vizuri jikoni. Hawa tumewatega bila maji. Wapime na wao."

Wakacheka mpaka machozi. Mimi sikucheka, na hadi leo sijacheka. Niliwaambia makopo yabaki nje, matumbo yaingie ndani, nikaanza na Sesilia. Presha ilikuwa juu, mama, juu ya kutisha. Mchana uleule tulimteremsha hospitali mjini Morogoro, amelala juu ya kabichi kwenye lori.

Msalimie baba, na dada yangu aliyeolewa Urambo, na shangazi anayetuuzia maziwa, umwambie asiwasimulie wateja habari hizi. Wewe Hamisi, shule usiache.

Nafunga, maana dereva wa lori anapiga honi. Ndiye aliyetuletea habari jana: Sesilia amejifungua salama, mtoto wa kike. Na yule mtani wangu, Mkatoliki wa rozari shingoni, unajua amefanya nini? Mtoto amempa jina langu. Hakuniomba, hakuniuliza. Amelichukua tu!

Mwanao,
Mwajuma