Bordeaux Bila Kumeza

Ijumaa, 14 Septemba 2018
Leo ndiyo leo! Saluni nimemwachia msaidizi wangu Emérite, nyumba nimemwachia mwanangu Gradi, wasiwasi nimeubeba mwenyewe. Wifi yangu Thérèse, anayekaa Bordeaux, ametutumia tiketi: zawadi ya miaka ishirini ya ndoa. Fungate yetu ilikuwa nyuma ya lori, tukitoka Bukavu na sufuria mbili. Hii ndiyo fungate sasa!

Pasteri Placide amekuja kwetu Rosettenville, hapa Johannesburg, kutuombea. Maombi marefu, mwishoni onyo: Ufaransa ni nchi ya divai, muwe macho. Mume wangu Ruphin akaitikia "Amina" kwa sauti kubwa kuliko wote. Tukirudi tu, Jumapili ya tarehe 23, anatawazwa mzee wa kanisa. Kwetu mtu akigusa pombe, cheo kimekwenda. Na kusema kweli, cheo hiki nakitaka kuliko anavyokitaka yeye. Nataka kukaa kiti cha mbele, basi!

Emérite ameahidi kwaya itatupokea uwanja wa ndege, sare za kitenge na ngoma. Kanisani kwetu anayetoka ng'ambo lazima aimbiwe. Asipoimbiwa, kuna jambo.

Jumamosi, 15 Septemba. Bordeaux
Tumefika. Miguu imevimba kama mandazi. Thérèse alilia, akacheka, akatulisha. Dirisha la chumba chetu linatazama barabara na halina chuma hata kimoja! Ruphin amelikagua, akalifunga, akarudi kulikagua tena. Mtu amelinda maghorofa ya Marshalltown, katikati ya Joburg, miaka yote hiyo, hawezi kuacha kazi kwa siku moja.

Jumapili, 16 Septemba
Mto wao ni rangi ya chai ya maziwa. Nilitegemea mzuri zaidi, ila sijasema. Lakini kando yake kuna uwanja wa mawe uliotandazwa maji kidogo tu, majumba yote yanaonekana humo kichwa chini. Ruphin akavua viatu! Akanishika mkono tukatembea majini, polepole, kama watoto. Joburg ananishika mkono tukivuka barabara tu, pale kwenye robot, taa za magari.

Halafu vikeki vyao, vyeusi kwa nje. Nikamwambia Thérèse wameunguza. "Hapana wifi, ndiyo ufundi wenyewe." Nimekula vitano.

Jumanne, 18 Septemba. Saint-Émilion
Siku nzuri kuliko zote! Vichochoro vya mawe vinapanda na kushuka, visigino vyangu vimekoma. Mizabibu mpaka macho yanachoka, na mwanzo wa kila mstari waridi limepandwa. Thérèse alikuwa ametulipia ziara ya shamba moja, akasahau kusema kwamba kuna kuonja.

Glasi zikaja. Ruphin akarudi nyuma. Msichana wa pale akasema kwa Kifaransa, polepole, kwamba si lazima kumeza: wajuzi wenyewe huonja, wakatema kwenye ndoo ile. Uso wa mume wangu ukang'aa.

"Mama Gradi, umesikia? Banatukataza kunywa. Kutema haiko kunywa!"

Basi akaonja. Akasukutua kama anapiga mswaki. Akatema! Glasi ya pili, ya tatu. Akaanza kusema habari za harufu ya udongo. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Nampenda mwanamume huyu, jamani. Nilikuwa nimesahau kidogo, na leo nimekumbuka.

Mimi pia nilionja. Kutema... nilipitiwa. Mara mbili.

Jumatano, 19 Septemba
Balaa. Thérèse ameweka picha mtandaoni: Ruphin, pua ndani ya glasi, macho yamefumbwa. Ameandika, "Yaya wangu anajua maisha!" Yaya, yaani kaka yake mkubwa. Emérite katuma sauti: "Mama Gradi, eish! Picha iko kwenye grupu ya kanisa. Pasteri ameandika 'Tumeona.' Ni hilo tu!"

Ruphin akajirekodi akieleza mambo ya ndoo. Mara nne, na kila mara alisikika mlevi zaidi. Tukafuta zote. Mwishowe nikamwachia Emérite aeleze. Thérèse alitaka kutuma picha ya ndoo iwe ushahidi. Nikamnyang'anya simu.

Nimekasirika. Yeye aliyetema kaonekana, mimi niliyemeza ni msafi kama maji! Na kiti changu cha mbele ndicho hicho kinaondoka.

Alhamisi, 20 Septemba
Pasteri kimya. Nimepata wazo: karibu na kituo cha tramu kuna duka la divai linalouza pia juisi ya zabibu, haina kilevi. Tumenunua chupa moja kwa ajili ya Meza ya Bwana. Atakayesema kitu aseme mbele ya juisi hiyo! Tulipotoka Ruphin akarudi ndani, eti kasahau kofia. Amekaa huko! Jioni amefunga sanduku mwenyewe, hataki nisaidie. Anajitahidi, maskini.

Ijumaa, 21 Septemba
Ndege leo. Emérite anasema hajui kama kwaya itakuja. Sikula.

Jumamosi, 22 Septemba. Johannesburg, uwanja wa ndege
Naandika nimekaa juu ya toroli, tunasubiri sanduku. Ujumbe umeingia: "Tuko hapa, kwaya yote. Na Pasteri! Nilimweleza ya ndoo, amecheka mpaka ameketi."

Nimelia. Mbele za watu, sijali. Nimejipaka rangi ya mdomo upya. Kila mlango ule ukifunguka nasikia ngoma.

Sanduku hilo linakuja! La kijani, letu. Lakini linachuruzika. Kitu chekundu, kimechora mstari kwenye mkanda wote, watu wanavuta masanduku yao pembeni. Juisi ya Bwana, maskini! Nimemwambia Ruphin si neno, Pasteri ataelewa, juisi ni juisi.

Ruphin hatazami sanduku. Anatazama viatu vyake.

"Mama Gradi," ananiuliza kwa sauti ndogo, "ni ipi imepasuka?"

Ipi? Tulinunua chupa moja! Au ndiyo ile kofia ya duka la divai?

Mlango umefunguka tena. Wanaimba jina lake.