Tumbili Mmoja, Vibandiko Viwili

Walaal Hirsi, ndugu yangu,

Tangu tukuzike siogopi kitu hapa Garissa. Hata fisi hunipisha njia.

Haya, nimedanganya. Nakuandikia alasiri, jua linachoma, na dirisha nimelipiga misumari. Cheka tu, na meno yako mawili.

Daktari wa tumbili amerudi. Unakumbuka alivyotueleza: ndani ya damu kuna kingamwili, askari wa kupigana na magonjwa, na kila tumbili amerithi jeni zake za kuwaunda. Alitaka tumbili wa makundi mbalimbali, ajue jeni hizo zinapishana vipi kabla ya kuwajaribia dawa. Sisi tutege, yeye atoe damu, tuwaachie kwao.

Nawe miguu ikakuuma, hukutaka kutega mbali. Yule dume mzee wa kando ya mto tulimpeleka kwa daktari, tukamwachia, tukamkamata tena, tukampeleka mara ya pili. Ukasema, "Nani anajua sura ya tumbili?" Kibandiko cha kwanza cha damu yake uliandika katoka Mbalambala, cha pili katoka Bura. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Basi daktari anasema damu zote zinapishana mno, hata za ndugu wa kundi moja. Isipokuwa mbili, sawa kabisa: ya Mbalambala na ya Bura. Anaona ni ajabu kubwa. Akaniuliza, "Mzee, kweli walitoka sehemu mbili?" Nikaapa, walaal. Kesho anaondoka na uongo wetu, na dawa za watu zitaufuata.

Tangu nile kiapo kile, dume yule anakaa juu ya kaburi lako. Nikipita ananyoosha mkono, kiganja juu, kama anangoja sindano. Pale aliponyolewa manyoya hayajaota, na miezi imepita. Jana alikuwa mlangoni kwangu. Halii, hali ndizi niliyomtupia. Ananyoosha tu.

Nakuahidi, kesho kabla gari halijawashwa nitamwambia daktari ukweli. Mwandiko ni wako, lakini nitasema tulikuwa wawili. Usinikasirikie. Ni aibu, na wewe huko huna uso wa kuficha, mimi ninao.

Lala salama, ndugu yangu. Mungu akupanulie mahali pako.

Ila siku ile ulipojifungia mwenyewe ndani ya kizimba cha mtego ukijaribu mlango, ukalia kama mbuzi, sikuwaambia wake zako. Mpaka leo hawajui. Nawe nifanyie jambo dogo, uko karibu naye kuliko mimi: mwambie yule dume mzee ashushe mkono.