Wimbo Ukiisha, Simu Inyamaze

Yaya Delphin, kaka yangu mkubwa,

Leo nimefuta kitu chako. Nimekaa palepale tulipozoea kukaa, kwenye meza ya plastiki karibu na dirisha, betri ya sola iko chini ya miguu yangu, na nimefuta kwenye programu yetu ya simu ile amri uliyonisimamia mpaka nikaiandika: wimbo ukiisha uje mwingine, na baada ya huo mwingine tena, bila mwisho. Kabla hujakasirika, nisikilize. Nakujua. Ungekuwa hapa ungeshasema "Neema, weye uko na haraka" hata kabla sijafika katikati ya maneno. Safari hii huwezi kunikatiza, na sijui kama hilo linanichekesha au linaniliza.

Nianze na habari za nyumbani, maana ungeniuliza. Papa ameacha kuendesha lori la Mongbwalu. Yeye anasema ni mgongo, Mama anasema ni huzuni, na mimi nadhani wote wawili wanasema kweli. Koti lako la mvua ndilo analovaa sasa. Linambana mabegani, hafungi vifungo, lakini ukimwambia anunue lake anajifanya hasikii. Mama amerudi kwenye shamba lake dogo la sombe, yale majani ya muhogo, nyuma ya nyumba. Mara nyingine anapika nyingi kupita kiasi, kisha anatazama sufuria na kusema ataipelekea jirani.

Na programu yetu ya kusikilizia nyimbo, Mziki Karibu, ingali hai. Kwaya zinaendelea kuleta nyimbo zao kwenye flash, vijana wa mtaani wanaleta za kwao, na kila mmoja anataka picha yake iwe juu ya picha ya mwenzake. Kwa upande wa mashine hakuna kilichoharibika. Kilichoharibika ni kwamba masikio yetu yalikuwa wewe.

Mimi nilijua kuandika amri za simu, lakini wewe ndiye uliyejua kusikiliza watu. Kila asubuhi ulikuwa unakaa kwenye kizingiti na kikombe cha chai, unafungulia ujumbe wa sauti wa wateja kwa nguvu mpaka majirani wanasikia. Mtu analalamika, wewe unacheka kwa furaha kana kwamba amekuletea zawadi. Yule dereva aliyesema kidude cha kusimamisha wimbo ni kidogo, na barabara ya Iga Barrière inarusha kidole chake kila mahali. Wale mama waliosema hawatafuti wimbo kwa jina la wimbo, wanautafuta kwa jina la kwaya na parokia. Yule mchimbaji wa dhahabu aliyesema mtandao unamwacha palepale anapoanza kushuka. Siku hiyo uliingia ndani mbio: "Neema, mutu anashuka mu shimo na wimbo nusu! Haiko muzuri!" Hukuniacha nipumzike mpaka nilipofanya wimbo ukae ndani ya simu hata mtandao ukipotea.

Nami nilikuwa naumia, unajua. Mtu akisema kazi yangu ni mbovu nilinuna siku nzima. Wewe ulinipiga kiganja kichwani na kuniambia, "Mutu akikuchukia, haweze kuharibu mega zake za intaneti juu ya kukutumia sauti. Huyu anakupenda." Nimejaribu kujiambia maneno hayo tangu uondoke. Kwa sauti yangu hayana nguvu ileile.

Lakini kulikuwa na lalamiko moja ambalo wewe mwenyewe ulilikataa. Watu walisema nyimbo haziishi, mtu akisinzia anaamka na kukuta mega zake za intaneti zimeliwa zote. Uliwajibu kwa upole, ukawatania, lakini hukubadilisha kitu. "Wimbo usikatike." Wateja walidhani ni ujanja wa biashara. Mimi peke yangu nilijua.

Nilijua kwa sababu nilikuwepo kwenye lile darasa. Tulipofika Bunia tukikimbia mapigano ya Djugu, familia zote zikilala juu ya sakafu ya shule moja, wakubwa walipokuwa wanaongea tulikuwa salama. Walipokaa kimya ghafla, ilikuwa na maana kwamba wanasikiliza kama kuna watu wanaokuja barabarani. Wewe ulikuwa mtoto bado, lakini ulijiwekea kazi ya kuziba kimya hicho. Ulinivutia chini ya kitenge chako na kuniimbia kwa pua, wimbo huu ukauunganisha na ule, hata matangazo ya redio uliyaimba, ili tu nisisikie wakubwa wanavyonyamaza. Ndiyo maana uliponiambia ukiwa mtu mzima kwamba wimbo usikatike, sikubishana. Niliandika.

Kisha ukaugua. Tulidhani ni malaria ya siku zote, nawe ukawa unanituma kutoka kitandani nikufungulie ujumbe wa wateja. Figo ndizo zilikuwa zimeshachoka, na hakuna aliyetuambia mapema kwa sababu hakuna aliyejua. Sitaki kuandika zaidi juu ya hospitali.

Nataka nikusimulie kilio chako, maana hukukiona, na nina hakika ungelipia kiti cha mbele.

Watu walijaa uani. Kwaya iliimba tangu asubuhi, na mchana waimbaji walipokwenda kula, shangazi akaniomba niweke nyimbo za kanisa kwenye spika ili msiba usibaki mtupu. Nikaunganisha simu yangu, nikaweka zile nyimbo za kwaya, nikaenda kumshikilia Mama. Mambo yakaenda vizuri. Katekista akasimama, akafumba macho, akaanza kukuombea. Nyimbo nilizochagua zikaisha katikati ya maombi yake. Na programu yako, Yaya, programu yako ambayo haijui mwisho, ikatazama ndani ya simu ya dada yako, ikaona anachopenda siku za kawaida, ikafungulia gitaa.

Lilikuwa gitaa la dansi. Na mtu anapiga kelele kwamba viuno vikae tayari.

Katekista hakufungua macho. Aliongeza sauti. Mwimbaji naye, kwa sababu ndivyo wimbo ulivyo, akaongeza ya kwake. Mimi natafuta simu, simu haionekani, kumbe nimeikalia na kuisukuma chini ya mkeka, chini ya kina mama waliokaa wamenyoosha miguu, na kila mmoja anatakiwa ainuke na kitenge chake. Shangazi akasema kwa sauti ya watu wote kusikia: "Mumuache. Ni Delphin anatuaga." Wengine walicheka wakilia. Papa aliinuka, akatembea kuelekea nyuma ya nyumba, hakurudi mpaka maombi yalipoisha. Nilitamani ardhi inimeze. Nilidhani nimemharibia Papa mazishi ya mtoto wake.

Baada ya hapo nilikaa muda mrefu bila kufungua ujumbe wa wateja. Sauti zao zilikuwa zinaanza na jina lako. "Delphin, habari ya kwenu?" Mtu anamsalimia marehemu kwa furaha, anacheka, anauliza kwa nini siku hizi uko kimya. Nilizima.

Nilipojikaza nikafungua, niliona kwamba aibu haikuwa yetu peke yetu. Mtu mmoja wa Iga Barrière ilimpata kwenye kilio cha mama yake. Mchimbaji mmoja Mwislamu wa Mongbwalu alisema walikuwa wamekaa kumwombea mwenzao, kaswida ikaisha, ukaingia wimbo wa bia na wanawake. Wote wanasema jambo moja, kwa adabu au bila adabu: ikimaliza, inyamaze. Niliwajibu mmoja mmoja kwamba Delphin amefariki. Wakanipa pole, wengine wakalia ndani ya simu. Lakini juu ya lile waliloomba sikujibu kitu. Kila nilipoweka mkono kwenye hiyo amri nilijiona nakunyima sauti mara ya pili. Ndiyo kitu pekee kwenye programu nzima ambacho ni wewe mtupu. Nikikifuta, unabaki wapi?

Ndipo akaja Mama Véronique wa mtaa wa Saio. Hukumfahamu. Anaongoza kwaya ya wamama waliokimbia Djugu kama sisi, na nyimbo zao ziko kwetu. Hakutuma sauti nyingine, alisema ujumbe aliotuma umekaa mno bila jibu, basi ameamua kujileta mwenyewe. Nilimpa kiti chako. Nikamweleza kila kitu, darasa, kitenge, kimya cha wakubwa, nikidhani ataona aibu ya kuniomba tena. Alinisikiliza vizuri. Kisha akasema:

"Pole, mutoto yangu. Yaya yako alikuimbia juu ulikuwa mudogo. Lakini siye mu kilio tunaimba siye benyewe. Ile simu tunaiweka kwa kupumuzisha koo tu. Kama haiko nanyamaza, batu bataanza kuimba saa gani?"

Miaka yote hiyo wewe na mimi tulidhani kimya baada ya wimbo ni shimo ambalo mtu atatumbukia. Kwa Mama Véronique ni mlango tu, watu wanapita.

Nilimwambia Papa. Alikuwa anapigilia msumari kwenye kiti kilichovunjika, hakuinua kichwa. Nikasema nataka kubadilisha kazi ya Delphin, na kwamba naomba radhi kwa siku ile ya gitaa. Akaendelea kupigilia mpaka nikafikiri ameudhika. Kumbe alikuwa anazuia kicheko. Akaniambia kwamba siku ile alikwenda nyuma ya nyumba kwa sababu alikuwa anacheka, na aliogopa watu waseme baba gani huyu anacheka kwenye kilio cha mtoto wake wa kwanza. Alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akalia palepale. "Delphin aliaga muzuri," akasema. "Sasa inatosha."

Basi nikaandika. Mtu akichagua nyimbo za ibada au za msiba, zikiisha, programu inanyamaza kabisa. Haileti kingine mpaka mtu aiguse. Na kwa nyimbo nyingine zote, mtu anachagua mwenyewe kama anataka ziendelee au la. Lakini sikuwapa watu. Niliiweka kwenye simu yangu tu, nikaingoja siku ya kutosha kilio chako, siku ya kumaliza msiba, maana kama nimekosea nilitaka nikosee mbele yako.

Siku hiyo imepita juma lililopita. Baada ya misa watu walirudi nyumbani, wakala, Mama akavua nguo nyeusi akavaa kitenge cha maua ulichomletea kutoka Mongbwalu. Mchana, kwaya ikapumzika. Nikaweka wimbo ule wa kwaya wa kusindikiza marehemu, ambao wewe ulipenda besi yake. Nikakaa na simu mkononi, safari hii sikuiachia mkeka.

Wimbo ukaisha.

Yaya, kilikuwa kimya kirefu. Nilisikia sahani moja ikiwekwa juu ya nyingine jikoni. Nilisikia pikipiki ikipita. Watu walikuwa wanatazama chini, nami nikarudi kwenye lile darasa, mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye simu kutafuta chochote, hata lile gitaa. Mama Véronique alikuwa amekaa pembeni yangu. Aliushika mkono wangu, akaubana kwenye goti lake, hakunitazama.

Aliyeanza ni Papa.

Papa! Yule ambaye kanisani ulikuwa unamkanyaga mguu ili apunguze sauti. Alianza juu mno, mahali ambapo hata kina mama wa soprano hawafiki wakiwa wazima, na aliruka ubeti wa kwanza akaanzia wa pili. Alikuwa amekaa ndani ya koti lako, mikono juu ya magoti, anaimba huku machozi yanashuka kwenye ndevu. Niliwaona watu wanatazamana. Kisha Mama akapanda naye kulekule juu alikokwenda, sauti yake ikapasuka, akaendelea. Mama Véronique akaingia, shangazi akaingia, uani kote wakaingia. Tulikuimbia vibaya sana. Wewe ungeziba masikio. Hakuna kwaya itakayotuletea ule wimbo kwenye flash, na sikuurekodi.

Ulipokwisha, pakawa kimya tena, na sikuogopa. Nililia vizuri kwa mara ya kwanza tangu tulipokuzika.

Ndiyo maana leo nimefuta. Nimeshawapelekea watu wote toleo jipya, na dereva mmoja ameshalalamika tayari kwamba sasa inabidi aamue mwenyewe. Nimecheka, Yaya. Nilikuwa nimekaa kwenye kizingiti.

Nakuacha sasa upumzike. Nakukosa sana asubuhi. Nilifikiri kukupenda ni kutafuta kila siku kitu cha kupiga kelele mahali ulipokuwa, na nimechoka, na nadhani na wewe ulichoka kuniimbia mpaka nilale, ila hukusema. Nakuahidi hivi: wimbo ukiisha nitauacha uishe. Nitakaa pamoja na watu nikingoja mmoja aanze. Na asipoanza mtu, nitaanza mimi.

Mdogo wako,
Neema