Ekseli Iliyolia Vizuri

Mjukuu wangu Mafuru,

Usinikasirikie kwa kukaa kimya tangu mavuno. Mtoto wa mgongoni anakohoa, na jioni mikono inakuwa imechoka. Najua unacheka kijana wa umri wangu kukuita mjukuu, ila babu yako ni kaka yangu, tutafanyaje? Wengine hapa Kiabakari ni wazima.

Unauliza kama kweli ile mashine ya kupiga picha ndani ya chuma iliuona ufa kabla mume wangu Magesa hajafa. Iliuona. Nilikuwepo, nimewapelekea wachimbaji ugali mgodini. Fundi kutoka Musoma alipiga picha ekseli ya winchi inayowashusha shimoni, akatuonyesha kwenye kompyuta mstari mwembamba kama unywele. Kwa nje ilikuwa laini kabisa.

Msimamizi akachukua nyundo, maana huku chuma tunakipimaga kwa sikio. Akaigonga, ikalia vizuri.

"Mmesikia? Nzima hiyo! Ipigwe picha ya kifua, kwani inakohoa?"

Magesa alicheka kuliko wote, akashuka. Mengine unayajua.

Yule msimamizi simlaumu. Alisikia kweli, ufa ulikuwa bado haujafika mahali pa kusikika.

Sasa wamefunga ekseli nyingine ya mtumba, nayo inalia vizuri. Mwezi ukiisha, mdogo wake Magesa anaanza kushuka. Kwenye ukoo wetu wewe ndiye uliyesomea picha hizo.

Nahitaji dawa ya kikohozi ya mtoto, sweta ya shule ya mwanangu mkubwa Nyamisi, na wewe mwenyewe na mashine kabla mwezi haujaisha. Sweta inaweza kusubiri.

Bibi yako,
Nyabise