Mwandiko Wangu Kwenye Fomu ya Minza

Dada Kabula,

"Chuo cha ufundi ni cha waliofeli." Hayo aliyasema Kaka Masanja siku tulipoondoa matanga yako, mbele ya mwanao Minza. Unanijua. Nilisimama. Nilimuuliza nani alimfungia umeme nyumbani kwake Usagara, mwenye digrii? Nani anahakikisha mitambo ya barafu kule mwaloni, kwenye soko la samaki, haizimi? Nikamwambia tuliofeli ni sisi, tunaowasukuma watoto wote kidato cha tano, kisha tunawapokea tena kijijini na bahasha ya vyeti. Watu wakacheka, wakaniunga mkono. Nikakaa nikijua nimeshinda.

Minza akaingia ndani, akatoka na mfuko wako wa nailoni, ule wa kadi za kliniki. Akanipa karatasi moja. 

Ilikuwa nakala ya selform, fomu yake ya machaguo ya kidato cha nne. Chaguo la kwanza, ufundi umeme, limekatwa. Juu yake imeandikwa historia, jiografia na lugha.

Mwandiko ni wangu, Dada.

Nilikuwa nimesahau. Nakuapia, nilikuwa nimesahau kabisa. Ulimtuma kwangu Nyegezi na fomu ile, na mimi ninayewatetea mafundi magazetini nikashika kalamu nikakata. Kisha nikakupigia simu kukueleza kwamba mtoto mwenye akili hapelekwi kushika spana. Ulinyamaza kidogo. Ukasema, "Wewe ndiye umesoma, mdogo wangu." Wewe, uliyeacha shule darasa la sita ili mimi niendelee. Masanja angalau anasema hadharani. Mimi nilifanya kimyakimya, na kwa wino.

Minza alimaliza kidato cha sita. Huu ni mwaka wa pili yuko nyumbani.

Unakumbuka pampu ya bustani yako ya nyanya ilipogoma ile Krismasi? Mimi nilisoma maelekezo kwa sauti, kijitabu chote. Minza akafungua plagi ya injini yake, akaisugua kwa msasa, maji yakatoka. Ulicheka mpaka ukakaa chini. "Msomi, wewe shika ndoo." Nami nikacheka. Niliona kila kitu kwa macho yangu, Dada, na sikuona.

Jana alijaza fomu ya chuo cha ufundi. Nilisogeza kiti nikae karibu. Akaniambia, "Mjomba, subiri nje." Nikasubiri nje.

Akiwa chuoni, nyanya zako nitazimwagilia mimi, na ndoo nitashika. Hilo nakuahidi. Lala, Dada. Ulininyamazia mara moja tu, na nilipaswa kusikia.

Barua hii naipeleka gazetini, kwa sababu kuna wengine kama mimi. Ninyi wajomba wenye digrii, ninyi walimu wa shule za kata, mnaojaza fomu za watoto wa watu: mpeni mtoto kalamu yake, mtoke nje.