Matanga ya Mtu Aliyerudi

Bungulu, Beni
Jumapili, baada ya misa ya kwanza

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu wewe na wote mlioamka salama huko Butembo. Goti lako linasemaje na baridi hii? Maharagwe ya mlimani, mliyavuna kabla askari hawajapita? Mimi ni mzima, nakula na kulala. Barua hii inaletwa na mama mmoja muuza chumvi anayepita kwa miguu nyuma ya Kalunguta, maana barabara imefungwa tena. Zamani ningepanda lori asubuhi nikala nawe mchana. Sasa ni kama naandika kutoka Ulaya.

Ujumbe wako ulifika. Unasema wazee wa ukoo wamechoka kungoja tangu kaka Paluku achukuliwe kubeba mizigo ya askari. Wanataka matanga yake yafanywe na shamba ligawanywe. Na kwa kuwa ndiyo kazi yangu, mimi mdogo wake nije nimsemee. Mama, kabla sijakujibu, acha nikusimulie jambo lililotokea hapa. Nimelisoma upya katika daftari langu la kila siku, nisije nikatia chumvi.

Unajua nilivyoanza: mashairi ya kusema juu ya likembe, kinanda changu cha vyuma cha kupigwa kwa vidole gumba, kwenye sikukuu za parokia, kisha harusi, kisha redio ya hapa mjini. Tangu vita, harusi ni chache. Waliopotea njiani ni wengi, na hakuna mwili wa kuzika. Basi familia huniita nikae katikati ya ua, nipige likembe, niseme kwa kinywa changu maneno ya yule asiyeonekana: mimi fulani, nimekwenda, msiningoje. Hapo ndipo wanalia, mjane ananyoa nywele, watu wanakula, na matanga yanakwisha. Hapa wananiita Kinywa. Hata askari wa kizuizi cha barabarani wananijua. "Kinywa, pita! Lakini usitusemee siye, tungali bazima!" Wanacheka, ila hawaniangalii machoni.

Kabla ya kusema huuliza mambo matatu: mtu huyo alisalimu vipi, nini kilimkasirisha, na siku ya mwisho alishika nini mkononi. Kwa hayo matatu sauti hupatikana.

Mwezi wa mvua mzee mmoja jirani aliniita kwa ajili ya mwanawe Kasereka, msaidizi wa dereva wa lori, aliyekwenda Kasindi na kahawa asirudi. Mzee ndiye aliyenijibu yote. Kasereka alikuwa anagonga nguzo ya mlango mara mbili na kusema "Muko?" Alikasirishwa na ugali uliopoa. Siku ya mwisho alishika redio. Mkewe, Kavira, alikuwa ameketi karibu na jiko, macho chini. Nilimwona akifungua mdomo kisha akaufunga. Unajua desturi yetu: mkwe hamsahihishi baba mkwe mbele ya watu. Sikumwuliza.

Siku ya matanga niligonga ubao wa likembe mara mbili, nikasema, "Muko?" Mama, ua wote uliitika, "Tuko!" Nikawasemea redio inayoimba peke yake porini, betri zikiisha. Sijawahi kusema vizuri hivyo. Mzee alinishika mikono akilia. "Ni yeye. Ni yeye kabisa."

Kabla nywele za Kavira hazijaota vizuri, mchana mmoja wa mvua, mzee na watu wake wakiwa ndani wanapika sombe, yale majani ya muhogo, nguzo ya mlango wao iligongwa mara mbili.

"Muko?"

Hakuna aliyeitika. Sauti ya mtu uliyekwisha kumlilia haiitikiwi. Ikagonga tena. "Muko? Baba, ni miye." Mzee akazima moto kwa maji ya sombe, wakakaa gizani na moshi mpaka miguu ikaondoka.

Miguu hiyo ilikuja kwangu. Kijana mwembamba, sauti imekauka kwa kulala msituni. Akasimama mvuani, hakutaka kuingia.

"Ni weye Kinywa?"

"Ni mimi."

"Banasema uko na sauti yangu. Unirudishiye."

Nilimpeleka kwao mimi mwenyewe. Niliwaambia nilikosea, mtu huyu yu hai, mguseni. Mzee alikaa mlangoni, akaziba njia.

"Kama uko Kasereka, ile siku ulibebaka nini mu mukono?"

"Blanketi, baba. Ile ya Kavira."

"Redio," mzee akasema. "Tulisikia bote. Mwana yangu alisema mwenyewe, hapa, mu huu uwanja. Weye uko nani?"

"Baba, redio niliuzisha kabla ya kuenda!"

"Batu bote basikiye! Hata uongo hajui kuupanga!"

Majirani walirudi nyuma. Kijana aligeuka kwa mkewe. Kavira hakuinua macho. Alisubiri mpaka baba mkwe ameingia ndani, ndipo akaniambia mimi, si yeye, kwa sauti ndogo: "Ni kweli, ilikuwa blanketi. Lakini ile siku ulisema, nilimusikia. Huyu simusikie."

Kasereka alicheka kidogo, kama mtu aliyekosa lori. Akashika njia ya Kasindi. Wapita njia wanasema wanamwona akibeba mizigo ya watu, haongei. Nilimfuata mara moja, nikaita jina lake. Hakugeuka. Labda naye amejifunza kutoitika.

Tangu hapo likembe limefungwa ndani ya kitenge, na watu wa redio ya mjini nimewaambia watafute mwingine. Lakini jana nilipokuwa nafua nguo, kinywa changu kilianza chenyewe: "Kambale, mudogo yangu, sabuni umeimaliza tena?" Ni sauti ya Paluku kabisa, na kikohozi chake. Niliziba mdomo kwa mkono wenye povu.

Mama, sitamsemea. Kama amekufa, Mungu anamsikia bila mimi. Kama yu hai, sauti ile ataihitaji. Waambie wazee mimi ndiye niliyekataa, hasira yao iniangukie mimi. Barabara ikifunguka nitakuja kulima shamba lake, lisikae bure wakapata sababu ya kuligawa.

Msalimie baba mdogo, mwalimu wa kwaya, na shangazi wa sokoni. Msalimie sana shemeji Masika, mke wa Paluku: asinyoe nywele, hata wakimlazimisha. Na kaka mwenyewe, akifika kabla yangu, mwitikieni mara ya kwanza. Msimwulize kitu. Mpeni maji, mkae, mngoje aseme mwenyewe.

Ni mimi mwanao wa pili,
Kambale